ALIYE JUU MNGOJE CHINI: Nishati ya Kimo Hapa Parklands, Mwezini na Kwingineko

Wazee walinena kwamba aliye juu mngoje chini. Aghalabu methali hii hutumiwa kumkanya mtu aliyelewa cheo au mali. Mimi leo nataka kuitumia jinsi ilivyo, neno kwa neno. Kitu kikiwa juu kina jambo ambalo hakikuwa nalo kilipokuwa chini, na siku kitakaposhuka jambo hilo litaonekana, litake lisitake. Katika fizikia jambo hilo huitwa nishati tuli ya uvutano. Naomba nafasi kidogo katika jarida letu nilieleze kwa Kiswahili, maana bado wako wenzetu wanaodai ati sayansi haisemeki kwa lugha hii.

Sababu ya pili ya kuandika ni mtaa wetu wenyewe. Parklands ya nyumba za chini zenye bustani kubwa inazidi kutoweka. Kila ukipita unaona mjengo mwingine umechipuka, ghorofa nane, kumi, na zaidi. Watu wanaishi juu, maji yanapandishwa juu, mawe na nyundo vinafanya kazi juu. Sasa basi, ni vyema tujue kimo kinaweka nini ndani ya vitu hivyo.

NISHATI TULI NI NINI?

Ukiinua kitabu kutoka sakafuni ukakiweka juu ya kabati, umefanya kazi. Umeshindana na dunia inayokivuta kitabu chini. Je, kazi hiyo imekwenda wapi? Haikupotea. Imewekwa kama akiba. Kitabu kimekaa pale kabatini kimya, hakitikisiki, lakini kikisukumwa kikaanguka, akiba ile yote inageuka kuwa mwendo. Ndiyo maana inaitwa nishati tuli: imetulia, inangoja.

Ukubwa wa akiba hiyo unategemea mambo matatu tu. La kwanza ni tungamo la kitu, yaani kiasi cha mata kilichomo ndani yake, kinachopimwa kwa kilogramu. La pili ni nguvu ya uvutano mahali ulipo. La tatu ni kimo ulichokipandisha. Zidisha matatu hayo pamoja, utapata nishati kwa jouli.

Hapa lazima tutofautishe tungamo na uzani. Dukani tunasema uzito wa unga ni kilo mbili, na hakuna anayetushtaki. Lakini katika fizikia, kilo mbili ni tungamo. Uzani ni kani ambayo dunia inaivuta nayo ile pakiti, na hupimwa kwa nyutoni. Pakiti hiyo ukienda nayo mwezini itabaki kilo mbili, unga haukupungua hata chembe. Kitakachopungua ni uzani. Anayeyachanganya mawili haya hawezi kuuelewa mjadala wote unaofuata.

MITUNGI YA MAJI NA GHOROFA YA NNE

Maji yakikatika mtaani, vijana wa mikokoteni huleta mitungi ya lita 20. Lita 20 za maji ni kilo 20, tukiuacha mtungi wenyewe. Katika jumba tunamoishi nilizihesabu ngazi na kuzipima kwa rula: kutoka ghorofa moja hadi nyingine ni ngazi 18, kila moja sentimita 17. Hiyo ni karibu mita 3. Basi ghorofa ya nne iko mita 12 juu ya ua. Hapa Nairobi kila kilo huvutwa kwa kani ya takriban nyutoni 9.78. Hesabu ni hii: 20 mara 9.78 mara 12, sawa na jouli 2,347 kwa mtungi mmoja.

Nilimwuliza mmoja wa vijana hao, "Kaka, mbona wa ghorofa ya nne analipa zaidi na maji ni yale yale?" Akacheka. "Wewe panda na mitungi miwili mara kumi, halafu uje uniulize tena."

Hesabu iko upande wake. Mitungi miwili ni jouli 4,694. Lakini kijana mwenyewe naye anapanda! Tuseme ana kilo 65. Kuupandisha mwili wake peke yake mita 12 ni jouli 7,628. Jumla inafika 12,322, na zaidi ya nusu ya hizo ni za kujibeba yeye. Mteja anauona mtungi tu, anasahau kwamba mbebaji hawezi kuuacha mwili wake chini ukimngoja. Tena ghorofa ya nne inadai mara nne ya ghorofa ya kwanza, kwa kuwa kimo ni mara nne. Anayetaka bei moja kwa ghorofa zote anamwomba mwenzake jouli za bure. Naam, hata fizikia inajua haki.

Akiba ya kimo inaweza pia kutufanyia kazi. Maji yanayoshuka kutoka tangi la paani hadi bombani hayahitaji pampu. Ile kazi iliyofanywa na pampu kuyapandisha ndiyo inayoyasukuma. Na mji wetu mzima unaitegemea hila hiyo hiyo. Bwawa la Ndakaini, lililokamilika mwaka 1994 na lenye uwezo wa kuhifadhi mita za ujazo milioni 70, liko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Nairobi iko karibu mita 1,700. Maji yake hutelemka kwa uvutano hadi mitambo ya kusafishia ya Ng'ethu, kisha hadi matangi ya Gigiri, jirani zetu. Kila mita moja ya ujazo, yaani kilo 1,000, ikishuka mita 300 hutoa karibu jouli milioni 2.9. Pampu za kufanya kazi hiyo zingekula umeme mwingi mno, na mlipaji angekuwa mimi na wewe.

JE, UVUTANO NI SAWA KILA MAHALI?

Katika mtihani tunaambiwa tutumie 10. Ni sawa, ni nambari rahisi kuzidisha. Lakini asidhani mtu kwamba ulimwengu mzima umekubaliana juu ya 10. Hata hapa duniani penyewe uvutano hubadilika kidogo. Kwenye ncha za dunia kila kilo huvutwa kwa nyutoni 9.83. Kwetu kwenye ikweta ni 9.78.

Kwa nini tupunguziwe? Kwanza, dunia si duara kamili. Imevimba kiunoni, hata mtu wa ikweta yuko mbali na kitovu cha dunia kwa takriban kilomita 21 kuliko mtu wa nchani. Pili, dunia inazunguka, na kwenye ikweta kasi hiyo ni kama kilomita 1,670 kwa saa. Sehemu ndogo ya uvutano inatumika kutuzuia tusirushwe nje. Nairobi tena iko juu mlimani, ingawa hilo hupunguza kidogo sana.

Tofauti hii iligunduliwa kwa saa ya ukutani. Mwaka 1672 Mfaransa Jean Richer alikwenda Cayenne, karibu na ikweta huko Amerika ya Kusini, akiwa na saa ya pendulamu, ile inayoendeshwa na kitu kinachoning'inia na kubembea. Saa iliyokuwa sahihi Paris ikawa inachelewa karibu dakika 2 na nusu kila siku. Haikuwa mbovu. Uvutano wa pale ulikuwa mdogo zaidi, basi pendulamu ikabembea polepole.

Mfanyabiashara naye asikilize. Mizani ya springi iliyosawazishwa nchani mwa dunia, ukiileta Nairobi ukapimia kilo moja ya sukari, itaonyesha pungufu ya karibu gramu 5, kwa kuwa springi hupima kani. Mizani ya vitanga viwili haidanganyiki, maana uvutano ukipungua, unapungua kwenye vitanga vyote viwili.

Sasa tuuchukue ule mtungi wetu wa lita 20, tuupandishe mita 12 zile zile, ila tubadilishe mahali:

Ncha ya Kaskazini (9.83): jouli 2,359.
Nairobi (9.78): jouli 2,347.
Sayari ya Mirihi (3.71): jouli 890.
Mwezini (1.62): jouli 389.
Sayari ya Mshtarii (24.8): jouli 5,952.

Tungamo ni lile lile, kimo ni kile kile, lakini akiba inatofautiana kama bei ya sukuma wiki wakati wa kiangazi na wakati wa mvua. Kwenye Mshtarii, hata hivyo, usihangaike kutafuta ngazi. Sayari hiyo ni gesi, haina ardhi ya kusimamishia jumba. Nambari ile ni ya juu ya mawingu yake.

Tunaweza pia kuigeuza hesabu. Tuseme miguu yako inaweza kukupa jouli za kutosha kuuinua mwili wako nusu mita hapa Parklands. Jouli hizo hizo mwezini zingekuinua mita 3, na Mirihini mita 1.3. Mshtariini usingefika hata sentimita 20. Miguu haikuongezwa nguvu wala haikupunguziwa. Bei ya kila mita ndiyo iliyobadilika. Bila shaka mwezini ungevaa vazi zito la kukupa hewa, na hilo lingekula sehemu kubwa ya faida.

NYUNDO INAPOANGUKA

Tarehe 2 Agosti 1971, mwanaanga David Scott wa safari ya Apollo 15 alisimama mwezini akiwa na nyundo mkono mmoja na unyoya mkono wa pili. Akaviachilia kwa pamoja. Vikafika chini pamoja! Mwezini hakuna hewa ya kuuchelewesha unyoya. Vilianguka kama mita 1.6 kwa muda unaokaribia sekunde moja na nusu. Hapa kwetu nyundo ingemaliza safari hiyo kwa kama sekunde 0.6.

Nyundo ile ilikuwa na kilo 1.32. Hebu tuilete Parklands tuiweke ghorofa ya nane ya mjengo, mita 24 juu, halafu imponyoke fundi. Akiba yake ni 1.32 mara 9.78 mara 24, karibu jouli 310. Tukiupuuza upinzani wa hewa, itafika chini baada ya sekunde 2.2 ikiwa na kasi ya kilomita 78 kwa saa. Sekunde mbili! Muda wa kusikia "Angalia!" na kuinua kichwa, na pengine kuinua kichwa ndilo kosa lenyewe.

Nyundo hiyo hiyo ikianguka mita 24 mwezini ingekuwa na jouli 51 tu. Ingechukua sekunde 5.4 na kufika na kasi ya kilomita 32 kwa saa. Ungekuwa na nafasi ya kuiona na kujitenga. Hapa duniani nafasi hiyo hatuna, ndiyo sababu mjengo wetu unahitaji vitu ambavyo mwezini pengine vingesubiri: kofia ngumu kwa kila fundi na kila kibarua, nyavu za kudakia vitu, mbao za kuzuia ukingoni mwa jukwaa, na kamba za kufungia zana mkononi au kiunoni. Na sisi wapita njia tusikate kona chini ya jukwaa ili kuokoa hatua kumi.

Wengine watasema, "Lakini kitu chenyewe ni kidogo!" Udogo hauteremshi kasi. Kokoto na nyundo, tukiiacha hewa, hufika chini kwa kasi moja. Kinachotofautiana ni nishati. Tena kimo kikizidishwa mara mbili, nishati nayo huzidi mara mbili. Chungu cha maua cha kilo 4 kwenye ukingo wa roshani ya ghorofa ya tano, mita 15 juu, kina jouli 587. Kwa mwenye nyumba, chungu kiko juu kidogo tu ya sakafu ya roshani yake, hakitishi. Kwa mtoto anayecheza uani, kiko mita 15. Akiba hupimwa kutoka pale kitu kitakapoishia, si pale mwenyewe anaposimama. Kishushe ukingoni, ukiweke sakafuni.

MWEPESI SI ASIYEUMIA

Katika mabishano yetu ya darasani mwenzangu mmoja alishikilia, "Huko mwezini hata gari likikugonga hakuna maneno, maana halina uzito." Wacha bwana! Uvutano mdogo unapunguza nishati inayotokana na kimo. Haupunguzi nishati ya mwendo wa ubavuni. Gari la tani moja likija kwa kilomita 30 kwa saa lina nishati ile ile mwezini na kwenye barabara ya Limuru, kwa sababu nishati ya mwendo inataka tungamo na kasi tu. Uvutano haumo katika hesabu hiyo.

Hata kuanguka kwenyewe mwezini si mchezo. Mnamo Aprili 1972, katika safari ya Apollo 16, mwanaanga Charles Duke alijaribu kuruka juu sana kwa furaha. Mzigo wa mgongoni ukamvuta nyuma, akaangukia mgongo, pale palipokuwa mtambo wa kumpa hewa. Aliinuka salama, lakini mtambo ungevunjika hakungekuwa na wa kumwokoa. Jouli chache zikipatana na kitu dhaifu zinatosha kuleta msiba.

KUIAGA DUNIA

Kuna kosa jingine lililozagaa: kwamba ukifika angani uvutano umekwisha. La. Kituo cha Kimataifa cha Angani huzunguka kama kilomita 400 juu yetu, na huko uvutano bado ni karibu nyutoni 8.7 kwa kilo. Wanaanga wanaelea kwa sababu wao na chombo chao wanaanguka pamoja daima, huku wakienda mbele kwa kasi inayowafanya waikose dunia kila mara.

Uvutano hupungua polepole kadiri unavyopaa, kwa hivyo safari ndefu hatuwezi kuihesabu kwa kuzidisha 9.78 na kimo. Hesabu sahihi inaonyesha kwamba kuing'oa kilo moja kabisa kutoka mvuto wa dunia kunahitaji takriban jouli milioni 62. Kuing'oa kutoka mwezini kunahitaji milioni 2.8, yaani karibu sehemu moja ya 22. Ndiyo maana roketi ya Saturn V iliyowapeleka watu mwezini ilikuwa na urefu wa karibu mita 110, ilhali kijisehemu kilichowanyanyua kutoka mwezini hadi kwenye chombo chao kilikuwa cha takriban tani 5 tu. Kweli roketi ile kubwa ilibeba mizigo yote ya kwenda na kurudi. Lakini sehemu kubwa ya ukubwa wake ilikuwa ada ya kuiaga dunia.

Sisi watu wa ikweta tunapata punguzo la ada hiyo. Ile kasi ya kilomita 1,670 kwa saa ni msukumo wa bure kwa roketi inayoelekea mashariki. Waitaliano walilijua hilo. Kati ya mwaka 1967 na 1988 setelaiti zilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, lililosimamishwa baharini karibu na Ngomeni, kaskazini ya Malindi. Mojawapo ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970 kuchunguza miale ya eksirei kutoka nyota za mbali. Kwa kuwa ilikuwa sikukuu yetu ya uhuru, ikapewa jina la Uhuru. Neno la Kiswahili liliizunguka dunia kutoka pwani yetu, na bado kuna anayesema lugha hii haifai kwa sayansi?

JARIBIO LA KUFANYA MWENYEWE

Usiniamini kwa maneno matupu. Chukua uzi na kufuli ndogo. Funga kufuli kwenye uzi, uning'inize ili kutoka fundo la juu hadi katikati ya kufuli iwe mita moja kamili. Ivute pembeni kidogo tu, uiachilie. Hesabu mabembeo 20, ya kwenda na kurudi, ukipima kwa saa. Gawanya muda kwa 20. Jibu lizidishe kwa lenyewe, kisha ugawanye 39.5 kwa hilo ulilopata. Ukiwa makini, mabembeo 20 yatachukua kama sekunde 40.2, na jibu litakukaribisha kwenye 9.78. Mwezini mabembeo hayo hayo yangechukua karibu sekunde 99.

Jaribio la pili ni rahisi zaidi. Siku maji yatakapokatika tena, beba mtungi wako mwenyewe hadi ghorofa unayoishi, kisha zidisha. Halafu amua ni bei gani ya haki kwa yule anayeupandisha mara kumi kwa siku.

Kwa hayo machache, kalamu naiweka mezani. Si ukingoni mwa meza, msinielewe vibaya.